Somo: Gari limetoka kubadilishwa klachi, sasa haliwaki

Gari lililoingia gereji likiwa linawaka, likabadilishwa klachi, kisha likagoma kuwaka, lina jambo moja la kukusaidia: ubovu karibu kila mara uko pale mikono ya fundi ilipopita. Klachi haipeleki moto kwenye plagi wala haileti mafuta. Ila huwezi kuifikia bila kushusha giaboksi, na giaboksi haishuki mpaka betri ichomolewe, starta ifunguliwe, waya wa ethi (unaounganisha injini na bodi kwa umeme) utolewe na soketi za sensa ziachanishwe. Kwenye magari mengi hata boksi la hewa na trei ya betri huondolewa. Tafuta humo kwanza. Watu hununua starta mpya, pampu ya mafuta, hata kompyuta ya gari, kumbe kuna bolti moja haikukazwa. Usinunue kitu chochote kabla hujamaliza hatua hizi.

Vifaa: mita ya umeme, spana, brashi ya waya, kebo za kubustia na mtu wa kukupigia starta. Weka gia nyutro, vuta hendibreki, zuia magurudumu. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Na kabla hujagusa nati ya starta, chomoa hasi ya betri, kwa sababu ule waya mnene hutoka moja kwa moja kwenye betri na kwa kawaida hauna fyuzi. Spana ikigusa hapo na bodi kwa pamoja, cheche yake inaunguza mkono.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kufungua

Piga starta mara moja. Je, ni kimya kabisa? Inagonga "tak" moja na kunyamaza? Starta inavuma peke yake bila kuzungusha injini? Au injini inazunguka vizuri ila haishiki moto? Kila sauti ina njia yake, na ukichanganya njia hizi utahangaika siku nzima.

Hatua ya 2: Kimya, au "tak" moja

Pima betri gari likiwa limezimwa. Volti 12.6 maana yake imejaa, 12.0 maana yake karibu imekwisha, ichaji kwanza. Gari lililokaa gereji siku kadhaa milango wazi na taa ya ndani inawaka hukausha betri bila mtu kujua. Wakati wa kupiga starta, volti za betri nzima hazitakiwi kushuka chini ya 9.6 hivi.

Betri ikiwa nzima, nenda kwenye ethi. Hapa naomba usiruke, kwa sababu ndipo gari nyingi za namna hii zinapokwama. Injini na giaboksi vimekaa juu ya mpira, kwa hiyo haviunganiki na bodi kwa chuma. Kinachoviunganisha ni ule waya mnene, mara nyingi wa kusukwa, uliofungwa kwenye bolti ya giaboksi. Giaboksi ikirudi juu, waya huo husahaulika ukining'inia nyuma, au hufungwa juu ya kutu na rangi. Taa zote zitawaka na redio itaimba, kwa sababu vitu hivyo hula umeme kidogo. Starta inataka ampea mia na zaidi, na hapo njia haipo.

Kipimo chake ni hiki. Mita iweke kwenye volti za DC. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, kisha mwenzako apige starta. Ukisoma chini ya 0.3, ethi ni nzima. Ukiona volti 3 au zaidi, umeupata ubovu. Kuthibitisha, funga kebo nyeusi ya kubustia kutoka hasi ya betri hadi kwenye chuma cha injini na ujaribu tena. Likiwaka, kwangua chuma mpaka king'ae, rudisha waya wa ethi na ukaze.

Fanya vivyo hivyo upande wa chanya: ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye nati kubwa ya starta. Ikizidi 0.5 wakati wa kupiga starta, kuna nati iliyolegea au waya ulioliwa.

Hatua ya 3: Waya mdogo wa starta na swichi ya klachi

Starta ina waya mdogo unaoiamuru ifanye kazi. Soketi yake ni nyepesi, huvunjika ulimi au husahaulika kabisa. Mwenzako akipiga starta, hapo panatakiwa volti 10 au zaidi. Umeme ukifika na starta ikakaa kimya, huku waya mnene na ethi ni vizima, basi starta yenyewe ina tatizo. Usipofika, rudi nyuma: fyuzi, rilei, kisha swichi iliyo juu ya pedali ya klachi. Magari mengi ya gia za mkono hayapigi starta mpaka swichi hiyo ibonyezwe. Pedali ikirekebishwa baada ya klachi mpya, huenda haifiki tena kwenye swichi. Kanyaga kwa mkono huku unaiangalia kwa tochi. Utaona kama inabonyezwa au inabaki pembeni.

Hatua ya 4: Starta inavuma au inasaga

Angalia kama imekaa sawasawa. Bolti moja ikiwa imelegea, au pini zinazokalisha giaboksi sawasawa na injini zikiwa zimeachwa, meno ya starta hayakutani vizuri na meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Kama flaiwili pia ilibadilishwa, linganisha idadi ya meno na ya zamani. Usiendelee kulazimisha, meno yakiliwa giaboksi itashuka tena.

Hatua ya 5: Injini inazunguka, haishiki moto

Mshukiwa wa kwanza ni sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Kwenye magari mengi hukaa kwenye shingo ya giaboksi, ikisoma flaiwili. Isipotolewa kabla giaboksi haijashuka, ncha yake huweza kukatwa. Itoe uitazame: ncha iliyokwanguka, iliyopasuka au iliyojaa unga wa chuma inakwambia kilichotokea. Angalia pia kama soketi yake haikubadilishana na nyingine ya umbo lile lile, na kama waya haukubanwa kati ya injini na giaboksi.

Ukiwa na mashine ya kusoma hitilafu, tazama mizunguko ya injini wakati wa kupiga starta. Injini nzima huonyesha kama 150 hadi 300 kwa dakika. Ikisoma 0 huku injini inazunguka, kompyuta haioni krenki, na haitatoa moto wala mafuta. Hitilafu P0335 inaelekeza huko huko.

Baada ya hapo angalia soketi ya sensa ya hewa na bomba lake, halafu taa ya ufunguo kwenye dashibodi, ile ya mfumo wa kuzuia wizi.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, langu linagonga "tak" tu, lakini nimegusa kebo ya klachi imepata moto sana, karibu itoe moshi. Inahusiana?

Jibu: Inahusiana sana, na acha kupiga starta sasa hivi. Ethi ya injini haipo, umeme umetafuta njia nyingine kupitia kebo hiyo. Rudisha waya wa ethi, kisha kagua kebo; kama plastiki yake imeyeyuka, badilisha.

Swali: Mkuu, tuliweka na flaiwili ya mtumba. Injini inazunguka, sensa ya krenki ni mpya, mashine bado inasoma mizunguko 0.

Jibu: Linganisha flaiwili mbili upande ambao sensa inasoma. Mifumo mingi ina nafasi 60, meno 58 na pengo la mawili, na ya mtumba inaweza kuwa na mpangilio mwingine au isiwe nao kabisa. Halafu kuna flaiwili ambazo matundu yake ya bolti yana nafasi sawa, zinakubali kufungwa mkao wowote. Hizo sensa itasoma, ila kompyuta itatoa moto wakati usio wake. Wekeni alama kabla ya kufungua.

Swali: Likisukumwa linawaka, kwa ufunguo halitaki. Bado nitazame sensa?

Jibu: Hapana. Likiwaka kwa kusukumwa, moto na mafuta vipo. Baki hatua ya 2 hadi ya 4.

Swali: Langu nyutro linawaka. Nikiweka gia, nikakanyaga klachi mpaka chini na kupiga starta, linaruka mbele.

Jibu: Klachi haiachii. Kama ni ya mafuta, toa hewa kwanza na uangalie kiwango cha mafuta. Kama ni ya kebo, rekebisha mvuto wake. Yote yakiwa sawa, huenda pleti ya klachi imefungwa kinyume, kitovu chake kinagusa bolti za flaiwili. Hapo giaboksi ishuke tena, na usiliendeshe kabla ya hapo.