Ruta yako kwenye intaneti ya jengo zima: soma hii kabla hujachomeka

Wiki yangu ya pili Ujerumani niliwakatia watu intaneti ghorofa nzima. Sikukusudia. Nilikuwa nimenunua kwa euro 15 ruta ya mtumba, kile kisanduku cha kurushia waifai, nikaifikisha chumbani kwangu hosteli, nikachomeka waya wa ukutani kwenye tundu la kwanza nililoliona. Taa zikawaka, nikajiona fundi. Haikupita nusu saa korido ikajaa watu waliovaa kandambili, kila mmoja anamuuliza mwenzake kama na kwake mtandao umekata. Na mimi nikatoka nikauliza vilevile, tena kwa dhati, maana sikujua kuwa mwizi ndiye mimi. Asubuhi nikakuta karatasi mlangoni: soketi ya chumba changu imefungwa mpaka nikaonane na wasimamizi wa mtandao.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, dada wa Kirundi aliyenitangulia mwaka mmoja.

"Kaka, ulichomeka wapi?"

"Si pale kwenye tundu."

"Matundu yako matano, kaka. Lipi?"

Swali hilo ndilo nusu ya mwongozo huu, na nitalirudia. Kwanza tuanze na unachopewa.

Intaneti iliyomo ndani ya kodi

Hosteli nyingi za wanafunzi Ujerumani, na baadhi ya fleti za kupanga, zinakuja na intaneti ndani ya kodi. Hujasaini mkataba na kampuni yoyote ya simu. Ukutani kuna soketi ya waya wa mtandao, ile yenye vipini 8 vya rangi ya dhahabu ukiichungulia kwa tochi. Usiichanganye na soketi ya simu ya Kijerumani, ambayo ina matundu matatu yaliyoandikwa N, F, N. Kama unayo hiyo tu, basi wewe wa kutafuta mkataba wako mwenyewe, na ruta utakayohitaji ni ya aina nyingine.

Soketi ya ukutani inakwenda moja kwa moja kwenye mtandao wa jengo, na mtandao wa jengo ni kama bomba la uani kwenye nyumba ya kupanga kule Manzese: mnachota wote, na ukilichezea wanakosa wote. Kwa hiyo jambo la kwanza si kununua, ni kuuliza. Kuna hosteli zinazoruhusu ruta, kuna zinazoruhusu kwa sharti la kuisajili, na kuna zinazokataza kabisa waifai za vyumbani kwa sababu zinavuruga waifai ya jengo. Soma kanuni za mtandao ulizopewa pamoja na mkataba wa chumba. Usipoelewa, waandikie wasimamizi sentensi hii, itakutosha: "Darf ich in meinem Zimmer einen eigenen WLAN-Router anschließen?" Yaani, naruhusiwa kuchomeka ruta yangu ya waifai chumbani kwangu? Katika baadhi ya hosteli wanaosimamia mtandao ni wanafunzi wenzako wanaojitolea, na ukiwaendea kwa adabu kabla ya kuharibu wanakuwa watu wazuri sana. Mimi niliwaendea baada ya kuharibu, na bado walinipa kahawa.

Utasikia watu wanasema Ujerumani ina sheria ya uhuru wa ruta. Ipo kweli, imeanza kutumika tarehe 1 Agosti 2016. Lakini imemlenga mwenye mkataba na kampuni ya mawasiliano, asilazimishwe kutumia ruta ya kampuni. Usiende kumpungia nayo msimamizi wa hosteli.

Ruta gani

Wengi huwa wamebeba kitu kutoka nyumbani. Kama ni kile kiruta cha mfukoni cha laini ya simu ulichokuwa unakiwekea bando, kiache kabatini. Kinapokea intaneti kwa laini, kwa kawaida hakina pa kuchomeka waya wa ukutani. Kama ni ruta ya mezani yenye tundu la waya, inaweza kufaa. Geuza adapta yake usome: ikiwa imeandikwa 100-240V, umeme wa Ujerumani ni salama kwake. Kichwa cha plagi ndicho kitakachokukwamisha. Plagi yetu ya Tanzania, Kenya na Uganda, ya miguu mitatu bapa, haiingii huku, itabidi ununue kigeuzi. Waliotoka Burundi, Rwanda au Kongo na plagi ya miguu miwili ya duara wana nafuu.

Ukinunua huku, mtumba unatosha. Kwenye tovuti ya Kleinanzeigen zimejaa, hasa Fritz!Box, ambazo Wajerumani wanazipenda kama sisi tulivyozipenda Nokia za tochi. Angalia usiuziwe iliyofungwa kwa kampuni fulani, na uliza kama ina tundu la WAN, yaani la kuingizia intaneti ya ukutani. Fritz!Box 4040 kwa mfano inalo. Nyingine zimetengenezwa kwa ajili ya laini ya simu, hazina tundu lililoandikwa hivyo, lakini ndani ya mipangilio unaweza kuiambia ichukue intaneti kupitia tundu la LAN 1, ambalo kwa kawaida ni la vifaa vyako. Usichomeke kabla hujaiambia.

Tundu

Nyuma ya ruta ya kawaida kuna matundu manne yaliyofanana, yameandikwa LAN, na moja lililojitenga, mara nyingi la rangi tofauti, limeandikwa WAN au Internet au kuchorwa dunia. Waya wa ukutani unaingia hapo palipojitenga. Hapo tu.

Kwa nini? Kila kifaa kikiingia kwenye mtandao kinapiga kelele: nipeni anwani! Kazi ya kugawa anwani hufanywa na kitu kinachoitwa DHCP. Ruta yako nayo ina DHCP yake, na inagawa anwani kwa yeyote anayeomba upande wa LAN. Ukichomeka ukuta kwenye LAN, ruta yako inawasikia majirani wote, na inaanza kuwagawia. Ni kama mtu aliyejifanya mjumbe wa mtaa, anagawa namba za viwanja ambavyo havipo. Majirani wanazipokea, wanajiona wamepata, kisha wanagundua hakuna barabara ya kutokea. Wenye kompyuta zilizokwisha kupata anwani wanaendelea kupeta kwa muda, ndiyo maana balaa langu lilisambaa polepole, mlango mmoja baada ya mwingine.

Majengo yenye vifaa vizuri yana kinga: yakiona chumba kinagawa anwani, yanakifungia soketi papo hapo. Kwetu ilikuwa mpaka mtu atafute.

Utaratibu salama ni huu. Iwashe ruta ikiwa peke yake, haijaguswa na ukuta. Ibonyeze kwa pini kwenye kile kitundu cha kuirudisha ilivyotoka kiwandani, hasa kama ni ya mtumba. Unganisha kompyuta yako kwa waya kwenye LAN, fungua kivinjari, andika anwani iliyoko kwenye kibandiko chini ya ruta. Kwa Fritz!Box ni fritz.box au 192.168.178.1, kwa nyingine nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Badilisha nywila ya usimamizi, chagua kwamba intaneti inatoka WAN na anwani ijipatie yenyewe, hifadhi. Ndipo uchukue waya wa ukutani.

Taa za kijani, intaneti hakuna

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na karibu kila mara ni moja ya sababu tatu.

Ya kwanza, jengo linakutambua kwa anwani ya MAC, tarakimu na herufi 12 ambazo kila kifaa kimezaliwa nazo. Ulipohamia ulisajili kompyuta yako, sasa imekuja ruta isiyojulikana, mlinzi haifungulii. Dawa ni kusajili MAC ya ruta, na iwe ile ya upande wa WAN, ambayo mara nyingi inapishana kwa tarakimu moja na iliyoandikwa kwenye kibandiko, hivyo isome ndani ya ukurasa wa hali ya ruta. Ruta nyingi pia zina kipengele cha kunakili MAC ya kompyuta. Kinafanya kazi, ila nakili ya tundu la waya, maana kompyuta ina mbili, ya waya na ya waifai. Na simu za tangu Android 10 na iOS 14 hujibadilishia MAC zenyewe kwenye waifai, kwa hiyo ukisajili simu kwenye waifai ya jengo, zima kwanza mchezo huo kwa mtandao ule.

Ya pili, anwani zimegongana. Ikiwa jengo linatumia 192.168.1 na ruta yako pia inatumia 192.168.1, ruta haijui ndani ni wapi na nje ni wapi. Ingia kwenye mipangilio ya LAN, ipe 192.168.50.1, iwashe upya. Dakika mbili, basi.

Ya tatu, kuna ukurasa wa kuingilia. Unganisha simu kwenye waifai yako mpya, fungua neverssl.com, ukurasa wa jengo utajitokeza, weka jina na nywila. Ukishaingia, jengo linaiona ruta kama kifaa kimoja na vingine vyote vinapita nyuma yake. Lakini kama jengo linadai jina na nywila kwenye waya wenyewe, kabla hata ya ukurasa kufunguka, ruta nyingi za dukani haziwezi kujibu. Hapo waulize wasimamizi, usitumie wikendi nzima kuhangaika kama nilivyohangaika mimi nilipohamia hosteli ya pili.

Waifai ndani ya msitu wa waifai

Jioni moja nilihesabu mitandao 34 kwenye simu yangu nikiwa nimekaa kitandani. Kwenye masafa ya 2.4 GHz njia zisizoingiliana kwa kawaida ni tatu tu, 1, 6 na 11, kwa hiyo hao 34 walikuwa wanapigana vikumbo kama abiria wa Mbagala saa kumi na moja jioni. Tumia 5 GHz. Haipenyi vizuri ukuta wa zege, na kwa chumba kimoja hiyo ni neema: ya jirani haiingii kwako, yako haitoki. Chagua njia ya 36 hadi 48. Kuanzia 52 ruta inalazimika kusikiliza kwanza angalau dakika nzima kama kuna rada, na ikiisikia inahama, nawe katikati ya simu unabaki unasema halo, halo.

Punguza pia nguvu ya kurusha. Kwa chumba cha mita za mraba 14 huhitaji waifai inayofika kituo cha basi.

Usalama: chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, nywila ndefu, zima WPS, ile njia ya kujiunga kwa kubonyeza kitufe au kwa namba fupi. Na usiipe waifai jina lako kamili pamoja na namba ya chumba, nimeziona za hivyo.

Tangu nifunge yangu, mama akipiga video kutoka Kibaha haniambii tena "mwanangu, mbona unakatikakatika?" Kompyuta inamwona printa, televisheni inapokea video kutoka kwenye simu, mambo ambayo waifai ya jengo ilikuwa inazuia makusudi ili wapangaji wasichunguliane. Kuna bei yake: sasa uko nyuma ya mageti mawili, lako na la jengo. WhatsApp, Zoom na kuangalia kamera ya geti la nyumbani havisumbuliwi. Utakachoshindwa ni kumfanya mtu wa nje aingie kwenye kifaa kilicho chumbani kwako, kama wale wanaotaka kuwa wenyeji wa michezo ya mtandaoni.

Ruta pia haiongezi kasi kuliko iliyopo ukutani. Ukiambiwa jengo linakupa megabiti 100 kwa sekunde, gawa kwa 8 upate megabaiti: 12.5. Ukipata chini sana ya hapo kwa waya, jaribu waya mwingine kabla ya kulaumu mtu.

Barua ya wakili

Watu wanakutisha na mengi Ujerumani, hili liogope. Ukipakua filamu kwa torrent, programu hiyo wakati huohuo inawagawia wengine vipande vya filamu, na kuna mawakili ambao kazi yao ni kukusanya anwani za wagawaji. Barua inaitwa Abmahnung, na inadai mamia ya euro pamoja na saini yako. Kwenye jengo, anwani ya nje inaweza kuwa ya wote, lakini wasimamizi wanaweza kuwa na kumbukumbu za nani alikuwa soketi ipi. Na waifai ni yako: rafiki aliyekuja kulala siku mbili akipakua, mlango unaobishwa ni wako. Wageni wape mtandao wa wageni, ruta nyingi zinao, na uwaambie wazi. Barua ikishakuja, usisaini wala usiitupe. Wanafunzi waende kwenye ushauri wa kisheria wa chuo, wengine watafute ofisi ya kutetea walaji, Verbraucherzentrale, kabla muda ulioandikwa haujaisha.

Siku ya kuhama

Futa MAC yako kwenye usajili wa jengo, la sivyo atakayekuja baada yako anaweza kufanya fujo kwa jina lako. Kisha chukua pini, bonyeza kile kitundu mpaka taa zipepese, ili nywila zako zisiende na ruta. Yangu ya euro 15 nilimwachia kijana wa Kenya aliyechukua chumba. Juu ya tundu la WAN nilibandika kipande cha plasta, nikaandika kwa kalamu nyekundu: HAPA.