Somo: Sakafu ya kichanja kwa banda la mbuzi

Mbuzi na unyevu haviivi chungu kimoja. Akilala juu ya mkojo, kwato zinaoza, na ile hewa kali inayochoma macho inamfungulia njia nimonia. Ndiyo maana alazwe juu.

1. Chagua mahali palipoinuka, maji ya mvua yasipotuama. Mbuzi mkubwa mmoja apate mita 1.5 za mraba. Wanane, banda la mita 3 kwa 4.

2. Chimba mashimo ya sentimita 60, simika nguzo. Sehemu inayozama ipake oili chafu, mchwa wasiile. Sakafu ikae mita 1 juu ya ardhi. Usipunguze: lazima mtu aweze kuingia chini na jembe kuzoa samadi.

3. Boriti ziachane sentimita 50, kisha mbao juu yake. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Kati ya mbao na mbao acha sentimita 1.5. Usikadirie kwa macho. Chonga kibao cha unene huo, kibane kati ya mbao mbili, gonga msumari, kichomoe, endelea. Nafasi ikizidi, mguu wa mtoto unazama na kuvunjika. Ikibana, kinyesi kinaganda juu. Tumia mbao kavu, kwa kuwa mbichi husinyaa na nafasi zinapanuka zenyewe.

4. Ukuta ziba mita 1 ya chini, juu acha wazi kwa wavu. Hori likae nje, mbuzi atoe kichwa tu, maana majani aliyoyakanyaga hayali tena.

MASWALI

Habari mwalimu. Sina mbao, mianzi inafaa?
– Inafaa, ikiwa imekomaa na kukauka. Chonga vifundo, vinginevyo nafasi hazilingani. Ikague kila mwezi, huoza mapema kuliko mbao.

Anayekaribia kuzaa alale humo humo?
– Mtenge siku chache kabla. Tandika magunia, juu yake nyasi kavu, ubadilishe kila siku. Kwato za mtoto mchanga ni ndogo, zinaweza kunasa kwenye nafasi za mbao.

Shikamoo. Nimefuata vipimo vyote lakini harufu inapanda usiku, na nimezungushia turubai chini ili kuku wasiingie.
– Marahaba. Turubai ndilo linalofungia hiyo hewa. Litoe, weka wavu. Kisha zoa samadi kila wiki na uchonge mteremko mkojo utiririke nje.