Mtoto akiugua usiku Mombasa nawe uko Doha

Simu ya video na daktari ina kazi moja kubwa: kuamua kama mtoto atolewe nyumbani sasa hivi au aweza kungoja asubuhi. Haipimi malaria wala haisikilizi mapafu. Basi zipo dalili ambazo simu haingojewi: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ameshikwa na degedege, amelegea haamshiki, au sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani akivuta pumzi. Hapo ni tuktuk au ambulensi, na daktari apigiwe mkiwa njiani. Walioko Likoni, ng'ambo ya kivuko, wahesabu na muda wa feri.

Nyanya anayekaa na mtoto asingoje ruhusa yako. Huenda uko zamu na simu imezimwa. Mwachie barua uliyotia saini ya kukubali matibabu, na nauli kwenye M-Pesa yake isiyoguswa kwa mambo mengine. Karatasi ya ukutani iwe na mzio, chanjo, selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) kama ipo, na uzito. Uzito ndio husahaulika, na dozi huhesabiwa kwa huo. Kwa mfano paracetamol: miligramu 15 kwa kilo, kila saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 12 atapewa miligramu 180, yaani mililita 7.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Chupa hutofautiana nguvu, kwa hiyo lebo ionyeshwe kwenye kamera kwanza.

Simu iegemezwe kitu, isishikwe mkononi. Mtoto avuliwe shati, aonekane kutoka shingo hadi kitovu, na pumzi zihesabiwe dakika nzima akiwa ametulia. Akilia, hesabu haina maana. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za kasi mno. Balbu ya manjano hudanganya rangi: tafuteni taa nyeupe, mumwonyeshe daktari ulimi na viganja vya mtoto. Bando likisuasua, zimeni video, mzungumze kwa sauti tu, kisha mtume klipu ya kifua ya sekunde 30.

Mtoto aliyezaliwa ughaibuni na kuja likizo hana kinga ya malaria. Homa yake ipimwe damu siku hiyohiyo, hata kama daktari wa huko uliko anasema ni mafua.

Kabla ya kukata simu, daktari ataje saa ya kuhesabu pumzi tena, na idadi ambayo ikifika, safari inaanza.