Somo: Kupandisha kasi ya RAM na prosesa bila kompyuta kuyumba

Somo hili limeandikwa kwa kufuata kompyuta ya mezani yenye prosesa ya AMD Ryzen 5 5600X, ubao mama wa B550 na vipande viwili vya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya DDR4. Mwenye mashine tofauti anaweza kufuata mantiki ileile, lakini ahakikishe kwanza kwamba ubao wake unaruhusu. Kwa upande wa Intel, kasi ya prosesa hufunguliwa kwa prosesa yenye herufi K iliyokaa kwenye ubao wa Z, na kwa upande wa AMD, ubao wa A520 huifunga prosesa ingawa huiacha RAM wazi.

Tutaanza na RAM, si prosesa. 5600X hutoka kiwandani ikiwa na kasi ya msingi ya 3.7 GHz na hujipandisha yenyewe hadi 4.6 GHz, hivyo kilichobaki cha kuongezwa kwa mkono ni kidogo. RAM ndiyo huachwa nyuma, kwani seti iliyoandikwa 3600 kwenye boksi lake, ikichomekwa tu, mara nyingi hufanya kazi kwa 2133 au 2666 mpaka mwenyewe aingie BIOS (programu ya msingi ya ubao mama) na kuiamuru vinginevyo. Isitoshe, kosa la RAM huharibu faili kimyakimya, na ukiwa umeigusa prosesa siku hiyohiyo hutajua kipi kati ya viwili hivyo kimekosea.

Hatua ya kwanza ni maandalizi. Hifadhi nakala ya faili zako kwenye diski ya nje, kisha pima hali ilivyo sasa: endesha Cinebench, programu ya kupima nguvu ya prosesa, na uandike alama zake, huku HWiNFO ikikuonyesha joto la prosesa. Bila namba hizo hutakuwa na cha kulinganisha baadaye. Kama BIOS ni ya zamani, isasishe wakati huu, lakini kompyuta iwe kwenye UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo ubao unaweza usiwake tena.

Hatua ya pili ni kuwasha XMP, yaani mpangilio wa kasi uliotayarishwa na mtengenezaji wa RAM, ndani ya BIOS. Baadhi ya bodi za ASUS huiita DOCP. Kitufe hicho kimoja huweka kasi, volti 1.35 badala ya 1.2 ya kawaida, pamoja na namba za ucheleweshaji alizozipanga mtengenezaji. Hifadhi na uwashe upya. Ubao ukijizima na kujiwasha mara kadhaa usishtuke, kwani unaijaribu RAM. Ukishindwa kabisa, zima, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara kwa dakika chache, na BIOS itarudi kwenye mipangilio ya kiwanda.

Kabla ya kuingia Windows, washa kompyuta kwa flashi yenye MemTest86, programu ya kukagua makosa ya RAM, na uiache imalize mizunguko yote minne ya toleo la bure. Kosa moja tu ni kushindwa. Wapo wanaosema makosa mawili matatu hayana neno kwa mtu anayecheza michezo tu, nami sikubaliani nao hata kidogo, kwa kuwa RAM hiyohiyo ndiyo inayopitisha faili za Windows, picha za familia na kazi za ofisini.

Je, uende juu zaidi ya XMP? Hapa inafaa kupiga hesabu. Zidisha namba ya CL (ile ya ucheleweshaji wa RAM) kwa 2000, kisha gawanya kwa kasi ya RAM, nawe utapata ucheleweshaji kwa nanosekunde. RAM ya 3200 yenye CL16 hutoa 10, na ya 3600 yenye CL18 hutoa 10 vilevile. Aliyelipa zaidi kwa hiyo ya pili amepata upana wa njia (data nyingi zaidi kwa wakati mmoja), lakini mwitikio ni uleule. Ile ya 3600 yenye CL16 hushuka hadi karibu 8.9. Aidha, kwenye prosesa za familia hii RAM ya 3600 hutembea kwa 1800 MHz halisi (nusu ya namba iliyoandikwa), sawasawa na njia ya ndani inayounganisha sehemu za prosesa. Ukivuka hapo, njia hiyo inaweza kushindwa kufuata, bodi nyingi huachanisha mwendo wa viwili hivyo, na kasi uliyoinunua huliwa na ucheleweshaji. Prosesa chache hufika 1900 salama. Ikiwa Event Viewer (daftari la matukio la Windows) inajaza maonyo ya WHEA-Logger namba 19, yaani makosa ya vifaa, yako si mojawapo.

Hatua ya tatu ni prosesa. Usiweke kasi moja ya kudumu kwa viini (core) vyote, maana utapoteza ule mruko wa 4.6 GHz ambao kiini kimoja huupata kazi inapokuwa nyepesi. Ndani ya BIOS fungua Precision Boost Overdrive, mpangilio wa AMD wa kupandisha kasi ya prosesa, ingia Curve Optimizer, na uweke hasi 10 kwa kila kiini. Maana yake ni kwamba kiini kitapewa volti pungufu kidogo kwa kasi ileile. Joto hushuka, na prosesa huitumia nafasi hiyo kukaa kwenye kasi ya juu kwa muda mrefu zaidi. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa asiye na kiyoyozi, njia hii ina faida kuliko kuongeza volti.

Wengi hudanganyika wakati wa kujaribu. Prime95, programu ya kuibebesha prosesa kazi nzito, kwa viini vyote inaweza kupita usiku kucha, halafu kompyuta ikajizima asubuhi wakati mtu anasoma barua pepe. Ni kwa sababu volti iliyopunguzwa kupita kiasi hufichuka kiini kimoja kinaporuka hadi kasi ya juu kabisa, si vyote vinapobanwa chini kwa joto na wati. Tumia CoreCycler, ambayo hujaribu kiini kimoja kimoja na kuandika kilichoshindwa. Hicho kirudishe hasi 5, vingine viache. Fanya jaribio mchana wakati wa joto, kwani kila nyuzi ya chumba inayopanda hupanda karibu vilevile kwenye prosesa; kikomo cha 5600X ni nyuzi 95, ila mimi huridhika inapobaki chini ya 85.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nina vipande viwili vya RAM vya kampuni tofauti, vyote vya 3200. Naweza kuwasha XMP?
Jibu: Jaribu, lakini ubao hufuata mpangilio wa kipande kimoja na kingine kinaweza kukataa. MemTest86 ikitoa makosa, shuka hadi 2933 na upime tena.

Swali: Ninatumia prosesa ya 5600G bila kadi ya picha. Somo hili linanihusu?
Jibu: Linakuhusu kuliko mwenye kadi, ndugu yangu. Picha zako hutumia RAM hiyohiyo, kwa hiyo vipande viwili badala ya kimoja pamoja na XMP vitaonekana wazi kwenye michezo.

Swali: Kwetu umeme unacheza sana. Kompyuta ikijizima nitajuaje kama ni umeme au ni mipangilio yangu?
Jibu: Kernel-Power 41 kwenye Event Viewer haitakusaidia, kwani huandikwa katika hali zote mbili. Tafuta WHEA-Logger namba 18 kwenye muda uleule. Ikiwepo, shuku prosesa au RAM. Isipokuwepo, na taa za nyumbani zilififia, anza na umeme, ingawa jaribio la CoreCycler ukiwa kwenye UPS ndilo litakalokata shauri.

Swali: Dhamana ya prosesa inabaki?
Jibu: Hapana kwa uharibifu unaotokana na kupandisha kasi; AMD wanalisema hilo wazi, na Precision Boost Overdrive imo humo.