Soli ya ndala kwa mkanda wa dari uliopakwa vibaya

Mkanda wa jipsamu kati ya ukuta na dari ukiwa na michirizi na mistari ya brashi, usiusugue kwa msasa uliofungwa kwenye mbao wala kwa vidole vitupu. Kata soli ya ndala kuukuu, kama sentimita 10 kwa 6, izungushie msasa namba 120, ipinde ifuate mkunjo, kisha sugua ukifuata urefu wa mkanda. Mbao hugusa kingo mbili tu na kuzila. Vidole huchimba mifereji ambayo hutaiona mpaka taa iwashwe usiku. Soli hupinda bila kubonyea sana, kwa hiyo hula vilima na kuacha mabonde. Tone nene liparue kwanza kwa kisu cha puti kilicholazwa. Ukilikimbilia na msasa, jipsamu ya pembeni itaisha kabla yake. Mabonde jaza puti nyembamba, ikauke, pitisha namba 220, futa vumbi, paka praima (rangi ya msingi) juu ya puti, la sivyo itanyonya rangi na kuacha mabaka. Kagua kwa tochi iliyolazwa sambamba na mkanda.

Kwenye mikanda ya maua soli haifai kitu. Rangi ikiviringika kama makombo ya kifutio, bado mbichi: iache siku kadhaa. Na kwenye nyumba ya zamani yenye rangi ya mafuta usisugue kavu, huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Tumia msasa wa maji, kwa unyevu kidogo tu, maana jipsamu ikilowa hulainika.