Kava ya msumeno wa meza: badili nati tu

Mafundi wenzangu wa Keko na kwingineko mnaotumia mashine za zamani za kupasulia mbao, najua kwa nini kava ya bledi imetupwa kona, kila ukitaka kuchimba mfereji kwenye mbao lazima utafute spana namba 13 uifungue kava, na kava ukishaitoa ndo hairudi tena. Sasa toa zile nati za kawaida, weka za masikio unazokaza kwa vidole, saizi ileile ya bolti, na chini yake washa ya springi, kile kipete cha chuma kinachoishika nati isilegee, maana mashine inatikisika na nati ikilegea kava inaweza kugusa bledi. Zima swichi kubwa kwanza, bledi isimame kabisa.

Na kile kibati kinachosimama nyuma ya bledi msikidharau jamani, ndo kinazuia mbao isibane bledi ikakurudia tumboni, kwa hiyo lazima kiwe mstari mmoja na bledi, weka rula ndefu ya chuma ubavuni mwa bledi ifike hadi kwenye kibati, iguse mwili wa bledi na sio meno, ukiridhika kwaruza alama kwa msumari ili kila ukikirudisha kikae palepale. Halafu chomelea kindoano kwenye mguu wa meza, kava ikitoka ining'inie hapohapo.