Kuwashwa njia ya haja kubwa: kumaliza minyoo ya uzi nyumba nzima, na la kufanya kama si minyoo

Mtoto anayejikuna makalio kila akilala, anayegeukageuka kitandani na kuamka hajashiba usingizi, mshuku minyoo ya uzi kwanza. Mnyoo jike, mwenye urefu wa milimita 8 hadi 13, hutoka usiku na kutaga maelfu ya mayai kwenye ngozi inayozunguka tundu la haja kubwa. Hapo ndipo muwasho unapoanza. Mtoto hujikuna, mayai huingia chini ya kucha, kisha vidole huenda mdomoni. Mayai hayo yanahitaji saa 4 hadi 6 tu ili yaweze kuambukiza. Pipi hazileti minyoo hii, wala si alama kwamba mama wa nyumba hiyo ni mchafu.

Hatua ya 1: Hakikisha

Saa 2 au 3 baada ya mtoto kulala, tenganisha makalio yake taratibu na umulike kwa tochi. Ukiona vijiuzi vyeupe vinavyotembea, jibu umelipata.

Usipoona kitu, tumia selotepu. Chukua ile angavu kabisa, si ile yenye ukungu, kwa sababu mtaalamu wa maabara haoni kitu kupitia hiyo. Asubuhi, kabla mtoto hajaenda chooni wala kuoga, bandika upande wenye gundi kwenye ngozi ya pembeni mwa tundu, bandua, kisha ubandike kwenye kipande cha kioo cha maabara (slaidi) kinachopelekwa kupimwa. Fanya hivyo asubuhi 3 mfululizo. Kipimo cha choo kikirudi hakina kitu, kisikutulize: mayai haya hutagwa kwenye ngozi, kwa hiyo kwenye choo huonekana kwa nadra.

Hatua ya 2: Dawa

Albendazole miligramu 400, dozi moja. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 hupewa 200, na wa chini ya mwaka 1 aonwe na mhudumu wa afya kwanza. Badala yake, mebendazole miligramu 100, dozi moja, inafaa kwa mtoto wa miaka 2 na kuendelea. Mjamzito asimeze yoyote kabla ya kuzungumza na kliniki, hasa katika miezi 3 ya mwanzo. Mtoto wa chini ya miaka 3 apondewe kidonge, kichanganywe na maji. Asibanwe pua wala kulazimishwa akiwa analia, kinaweza kumpalia.

Hatua ya 3: Wote siku moja, kisha rudieni

Hapa ndipo wengi hukwama. Mtoto anapewa dawa, muwasho unapoa, halafu baada ya wiki chache unarudi, na watu husema dawa ni feki. Dawa inaua minyoo, haiui mayai. Yai lililomezwa siku ile ile ya dawa litaanguliwa baadaye, na baada ya karibu mwezi mmoja kuna jike jipya linalotaga. Dozi ya pili, baada ya wiki 2, inaiwahi minyoo hiyo michanga kabla haijafikia kutaga. Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani siku hiyo hiyo mnayomeza ya kwanza, na dozi zote mbili zinunuliwe kwa pamoja.

"Wote" maana yake ni kila anayelala ndani ya nyumba: baba, bibi, dada wa kazi, binamu aliyekuja likizo, hata asiyewashwa. Watu wengi huwa nayo bila dalili yoyote, na mmoja akiachwa anawarudishia wengine wote. Kidonge cha shuleni hakihesabiki hapa. Hicho hulenga minyoo ya kwenye udongo, hutolewa mara moja, na mdogo wake aliye nyumbani hakukipata.

Asubuhi inayofuata dawa ina kazi yake, kwani mayai huweza kuishi ndani ya nyumba wiki 2 hadi 3:

- Kila mmoja aoge mara tu anapoamka, kwa maji ya kumwagia. Msiogeshe watoto wawili kwenye beseni moja.
- Shuka, chupi na nguo za kulalia zikunjwe bila kukung'utwa, mayai yasiruke. Zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe kwenye jua kali, zipigwe pasi.
- Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji, usifagie ikiwa kavu.

Kwa wiki 2 zote, kucha zibaki fupi, mtoto alale na chupi ya kumbana kidogo, ibadilishwe kila asubuhi, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Binti anayewashwa pia ukeni, au aliyeanza tena kukojoa kitandani, huenda minyoo imehamia huko mbele. Dozi ni ile ile.

Hatua ya 4: Kama si minyoo

Kwa mtu mzima, mara nyingi tatizo ni kujisafisha kupita kiasi. Acha sabuni ya dawa na vitambaa vyenye manukato. Chamba kwa maji matupu, kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini cha pamba, kisha paka krimu ya zinki oksaidi, safu nyembamba. Punguza kahawa na pilipili kwa wiki 2 uone tofauti. Vaa chupi za pamba.

Krimu zile za mchanganyiko wa steroidi kali, dawa ya fangasi na antibiotiki, zinazouzwa kama dawa ya kila muwasho, ziache dukani. Hutuliza siku chache, huku zikichubua ngozi na kuficha fangasi. Ikibidi, tumia krimu ya haidrokotisoni 1%, ambayo ni steroidi hafifu, kwa siku zisizozidi 7.

Nenda hospitali ukiona damu, uvimbe, usaha, choo kilichobadilika mwenendo au kupungua uzito. Mwenye muwasho wa fangasi unaojirudia apimwe sukari. Mtoto mwenye wekundu mkali wenye mpaka dhahiri kuzunguka tundu, anayelia akijisaidia, huenda ana maambukizi ya bakteria. Huyo anahitaji antibiotiki ya kliniki, si dawa ya minyoo.